Je, wajua kwa nini insha ya hoja kumi huweza kushindwa na insha ya hoja tano?

Mwanafunzi anayetaja hoja kumi hudhani amemwacha mbali mwenzake mwenye hoja tano. Matokeo yakirudi hukuta wa hoja tano amepata B+ na yeye ameishia C. Kinachomwangusha ni hesabu ya maneno, na hesabu hiyo hufanywa kabla kalamu haijagusa karatasi ya majibu.

Tuchukue Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili nchini Kenya, yaani 102/1. Mtahiniwa huandika insha mbili: ya kwanza ni ya lazima, ya pili anaichagua kati ya tatu. Kila moja ina alama 20, isipungue maneno 400, na muda wa zote mbili ni saa moja na dakika 45. Katika maneno hayo 400, utangulizi na hitimisho vikichukua 80, yanabaki 320 ya mwili. Ukiyagawa kwa hoja kumi, kila hoja inapata maneno 32. Hiyo ni nafasi ya kutaja hoja na kusema ni mbaya au ni nzuri, basi. Ukiyagawa kwa hoja tano, kila moja inapata 64, na hapo pana nafasi ya kutaja, kueleza sababu, kutoa mfano na kuirudisha hoja kwenye swali. Watahini huita hiyo hoja iliyokomaa. Hoja iliyotajwa tu hailipi sana, hata zikiwa dazeni.

Tazama tofauti hiyo kwa karibu. Swali: "Usafiri wa bodaboda una manufaa mengi kuliko madhara. Jadili." Hii ni aya ya kawaida kabisa, ya aina inayosahihishwa kila muhula:

"Bodaboda pia zinaleta ajali nyingi barabarani. Watu wengi wanavunjika miguu na wengine wanafariki. Pia waendeshaji wengine hawana leseni na hawavai helmeti. Vilevile wengine ni wezi na wanashirikiana na majambazi. Hii ni mbaya sana."

Maneno ni 33, na hoja zilizobanwa humo ni mbili: ajali na uhalifu. Hakuna hata moja iliyoelezwa kwa nini hutokea. Leseni imetajwa na kuachwa. Sentensi ya mwisho haimwambii msomaji lolote. Sasa ondoa uhalifu, uupe aya yake, kisha uishughulikie ajali peke yake:

"Hasara kubwa ya bodaboda ni ajali zinazotokana na ukosefu wa mafunzo. Kijana hukabidhiwa pikipiki leo na kesho akaanza kubeba abiria bila leseni. Kwa kuwa hulipwa kwa kila kichwa, huwapakia watu watatu kwa mkupuo, na kwenye mteremko breki hazihimili uzito huo. Abiria asiye na helmeti ndiye huumia zaidi. Lau mafunzo yangetangulia biashara, hasara hii ingepungua, lakini kwa sasa huondoa sehemu kubwa ya manufaa tuliyoyataja."

Maneno 63, sentensi tano, kila moja na kazi yake. Ya kwanza inataja hoja. Ya pili na ya tatu zinaonyesha jinsi jambo linavyotokea, kijana mmoja na pikipiki moja, si "watu wengi". Ya nne inaonyesha athari. Ya tano inarudi kwenye swali lililoulizwa, yaani mizani ya manufaa na madhara. Sentensi hiyo ya tano ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na bila hiyo insha inageuka orodha ya mambo kuhusu pikipiki.

Neno "Jadili" nalo lina masharti yake. Linadai pande zote mbili na msimamo. Mwenye hoja tano anaweza kutoa mbili za upande mmoja na tatu za upande anaouunga mkono, na upande huo ni heri ukae mwisho ili hitimisho litokane nao. Mwandishi wa aya ya ajali hapo juu anapinga kauli, ndiyo maana manufaa "yametajwa" tayari. Angekuwa anaiunga mkono, angeanza na madhara. Kiunganishi cha kugeuza upande, kama "hata hivyo" au "kwa upande mwingine", kinatosha kutumika mara moja, pale insha inapogeuka. "Isitoshe", "aidha" na "fauka ya hayo" ni vya kuongeza hoja ya upande uleule. Mwanafunzi akianza kila aya na "fauka ya hayo", hata anapohama upande, msomaji hupotea.

Kabla ya hayo yote ni kiunzi, yaani mpango mfupi wa insha. Dakika 105 kwa insha mbili ni kama dakika 52 kwa kila moja. Mgawo unaofanya kazi ni dakika saba za kupanga, arubaini za kuandika, tano za kusoma upya. Katika dakika saba hizo andika hoja zote zinazokujia, hata kumi, kila moja kwa maneno matatu au manne. Kando ya kila hoja andika mfano mmoja. Hoja isiyopata mfano ndani ya nusu dakika ikate, kwa maana itakukwamia katikati ya aya. Zinazofanana ziunganishe. Zikibaki tano, zipe namba za mpangilio, kisha andika msimamo wako kwa sentensi moja chini yake. Mwanafunzi anayeanza kuandika papo hapo huona ameokoa muda, halafu kwenye aya ya nne anarudia hoja ya aya ya pili kwa maneno mengine.

Utangulizi hauhitaji zaidi ya maneno 45. Sentensi mbili au tatu: jambo lenyewe ni lipi, kwa nini lina mjadala, na insha itauchukuliaje. Hapa pana ugonjwa mkubwa wa mapambo ya kukariri: jua lililochomoza, ndege wanaoimba mtini, "Hamadi!" na "La haula!". Mapambo haya yamefundishwa tangu shule ya msingi, na katika kisa yana mahali pake. Katika insha ya mjadala yanakula maneno 70 kabla swali halijaguswa, yaani aya nzima ya hoja imeliwa na jua.

Hitimisho ni fupi zaidi, maneno 35 hivi. Toa msimamo na sababu yake kuu, usilete hoja mpya. "Kwa hayo machache, ningependa kukomea hapo" ni maneno ya hotuba. Yakiwekwa mwisho wa insha ya mjadala yanaonyesha kwamba mwandishi amesahau anaandika nini. Zikibaki dakika tano na hoja moja haijaandikwa, iache hiyo hoja na uandike hitimisho.

Insha ya methali ina hesabu yake tofauti kidogo. Katika "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" mna mambo mawili: kukataa ushauri na kupata madhara. Kisa kinaweza kuwa kitamu sana na bado kikashindwa kwa njia mbili. Ya kwanza, nafasi yote inaishia kwenye ukaidi wa kijana, na guu linavunjika katika mstari wa mwisho. Ya pili ni mbaya zaidi: madhara hayatokani na ushauri uliopuuzwa. Mama anamwonya mwanawe asipande pikipiki bila helmeti, mwana anakaidi, kisha jioni anaibiwa simu sokoni. Guu limevunjika, lakini si kwa sababu ya la mkuu. Kwenye kiunzi cha kisa andika mistari minne tu: mkuu anasema nini hasa, kijana anakataa vipi, madhara gani yanafuata kwa sababu ya kukataa huko, na nani anatambua hivyo. Mstari wa tatu ukikosa "kwa sababu", badilisha kisa.

Insha ya lazima, kama barua, ripoti, hotuba au kumbukumbu, huongeza suala la sura. Barua rasmi bila anwani mbili, tarehe, mtajo wa anayeandikiwa, mada na sahihi hukatwa alama za sura hata maudhui yakiwa mazuri. Mada huanza na KUH: (kuhusu) au MINT: (mintarafu) Kenya, na YAH: (yahusu) Tanzania.

Urefu nao haupimwi kwa jicho. Mtahini huangalia maneno katika mstari. Mwandiko wa maneno tisa kwa mstari unahitaji takriban ukurasa mmoja na nusu kufikisha insha kamili; mwandiko mkubwa wa maneno saba unahitaji kurasa mbili. Mwanafunzi ahesabu mistari yake mitatu mara moja, agawe kwa tatu, na ajue kiwango chake kabla ya siku ya mtihani.

Kwa mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60, kusahihisha insha nzima kila wiki ni kusoma maneno 24,000. Ndiyo maana wengi huishia kuweka alama ya vyema na kutia saini. Njia nyepesi ni kudai aya moja tu: maneno 60 mara 60 ni 3,600, na makosa ya muundo yote yanaonekana humo. Wiki ya kwanza wape maswali matatu waandike viunzi pekee, bila insha. Wiki ya pili wachague hoja moja na kuiandika aya. Wiki ya tatu wapokee insha nzuri iliyokatwa vipande kwa makasi, aya moja kila kipande, waipange upya. Aya mbili zinazoweza kubadilishana nafasi bila mtu kugundua zinaonyesha kwamba mpangilio wake haukuwa na sababu.

Katika dakika tano za mwisho za insha, mwanafunzi asome sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, akiruka mengine. Sentensi hizo zikisomwa mfululizo ziwe muhtasari wa jibu. Mbili zikisema jambo moja, hakuna muda wa kuandika upya, lakini kubadilisha sentensi hiyo moja ya mwanzo kunawezekana. Baada ya hapo ndipo arudi kwenye tahajia, herufi kubwa na nukta.