Kabla Mstari Haujachorwa: Wakazi wa Mombasa na Mipango ya Mitaa Yao

Chukua nyumba moja ya Kiswahili pale Majengo au Kisauni: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uwa nyuma. Ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mmoja. Kuta na paa ni za mtu wa pili, ambaye humlipa yule wa kwanza kodi ya kiwanja. Vyumbani wamo wapangaji, kila mmoja na jamaa zake, nao humlipa mwenye nyumba kodi ya mwezi. Utaratibu huu wa kumiliki nyumba bila ardhi ni wa siku nyingi hapa Mombasa. Sasa barabara ya mtaa ikitakiwa kupanuliwa, ataarifiwa nani? Rejista ya ardhi inamtaja mwenye kiwanja peke yake, na huenda hata mtaani haishi.

Nimeanza na nyumba hiyo kwa sababu kazi yetu ya kupanga miji hukosea hapohapo. Tunauliza ukumbi upi uko wazi na viti ni vingapi, kabla hatujauliza ni nani atakayeguswa. Mwenye kiwanja anaogopa kupoteza futi kadhaa za ardhi. Mwenye nyumba anaogopa kuvunjiwa bila fidia, kwa kuwa hana hati. Mpangaji anaogopa kodi kupanda barabara ikishawekwa lami. Ukiwaweka watatu hao katika mkutano mmoja, mpangaji hatafungua mdomo mbele ya mwenye nyumba wake. Mikutano mitatu midogo, barazani kwa watu, itakupa mengi kuliko mkutano mmoja mkubwa.

Sheria haina shaka juu ya jambo hili. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 115, inaufanya kuwa lazima katika mipango ya kaunti. Mahakama nazo zimeonyesha kwamba hayo si maneno ya kupamba karatasi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jirani zetu wa Lamu walikwenda mahakamani kuhusu mradi wa bandari yao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaagiza wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Pamoja na hayo, njia tunayoikimbilia ni ileile: mkutano wa ukumbini, saa nne asubuhi, siku ya kazi. Kibarua wa bandarini yuko kazini. Mama anayeuza mahamri alfajiri ndiyo kwanza anaanza kupika cha mchana. Mvuvi hufuata bamvua na maji mafu, hafuati kalenda ya ofisi. Wanaofika ni wale wenye nafasi, na mara nyingi ni nyuso zilezile. Ramani inabandikwa ukutani ikiwa imekwisha kuchorwa, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Watu wanaulizwa kama wana swali. Jina na sahihi yao kwenye daftari la mahudhurio ndivyo vinavyokuja kuonyeshwa baadaye kuwa ushahidi kwamba umma ulikubali. Hilo linaniuma, kwa kuwa mtu aliyetia sahihi kuonyesha kwamba alihudhuria hakutia sahihi kuonyesha kwamba aliridhia.

Mwaka 1969 Mmarekani mmoja, Sherry Arnstein, alieleza ushiriki wa wananchi kwa mfano wa ngazi yenye vipandio 8. Chini kabisa watu wanahadaiwa tu. Katikati wanaarifiwa, kisha wanaulizwa maoni. Juu wanakuwa wabia, na kileleni wanaamua wenyewe. Mkutano wa ukumbini, hata ukiendeshwa kwa nia njema, haupandi zaidi ya kuarifu na kuuliza.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya miguu: kuutembea mtaa pamoja na wenyeji kabla mstari wowote haujachorwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Picha ya setelaiti inaonyesha kiwanja kitupu kati ya nyumba, na mpangaji miji anakiona ni mahali pazuri pa kuegesha magari. Mwenyeji anakwambia kwamba hapo ndipo turubai la harusi na la matanga husimamishwa, kwa mtaa mzima, na kwamba mvua za masika zikishika maji yote ya upande wa juu huja kutuama hapo. Hayo hayamo katika ramani ya serikali. Tembeeni zaidi ya mara moja: asubuhi watoto wakienda shule na madrasa, na jioni giza likiingia, akina mama na wasichana wakiwa mbele wakionyesha vichochoro wanavyoviepuka. Mwenye kiti cha magurudumu naye awe kwenye msafara, mwone ni wapi anapokwama.

Kutoka hapo mnakaa kuchora. Ramani kubwa ya mtaa inatandikwa mkekani, kalamu wanapewa wakazi, na afisa anasikiliza. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kwa kuwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaro, njia na maeneo ya mafuriko katika mitaa yao. Ujuzi huo haukuhitaji shahada. Ulihitaji mtu anayekijua kichochoro na simu ya kurekodi mahali kilipo.

Mtaa ukiwa mkubwa, tatizo linakuwa namna ya kuwafikia wote. Mukuru, Nairobi, iliyotangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linalopangwa kwa utaratibu wake wa pekee, ina kaya kama 100,000. Wakazi walijipanga kwa vikundi vya kaya kumi kumi. Kila kikundi kilimchagua mjumbe, wajumbe wakakutana katika ngazi ya juu yake, na hoja zikapanda hivyo hadi kuwafikia wataalamu. Utaratibu huo haukosi dosari, kwani mjumbe anaweza kusema yake badala ya ya watu wake. Lakini mama ambaye hatathubutu kushika kipaza sauti mbele ya watu 300 atazungumza na jirani zake tisa. Likoni au Jomvu mbinu hii ingeweza kuanzia kwenye vyama vya akina mama na vikundi vya wavuvi ambavyo tayari vinakutana. Tangazo nalo liende kwa Kiswahili, misikitini, makanisani, sokoni Kongowea na kwenye foleni ya feri, kwa kuwa tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali halisomwi mtaani.

Kuna kalenda pia, na anayeijua huwahi. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi la mtaro au taa za barabarani linalokuja Mei limekuta sahani zimekwisha kupakuliwa.

Wewe mkazi usingoje kualikwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba nakala ya mpango au mchoro kwa barua ya Kiswahili, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Asiyeweza kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa kuandika ombi lake. Maoni juu ya rasimu ya mpango yapeleke kwa maandishi, taja mtaa na njia unayoizungumzia, sema unataka nini kibadilishwe, kisha ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Uamuzi wa kibali cha ujenzi ukikuumiza, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 imeweka kamati ya rufaa katika kila kaunti. Rufaa ina siku 14 tu, kwa hiyo usizipoteze kwa manung'uniko ya barazani. Baada ya kamati hiyo ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Na sisi wa ofisini tuna deni moja ambalo hatulilipi: majibu. Maoni yanakusanywa, yanachapishwa kwenye ripoti, na aliyeyatoa hayasikii tena. Dawa yake ni jedwali la kurasa chache: hoja iliyotolewa, mtaa ilikotoka, imekubaliwa au imekataliwa, na kwa nini. Libandikwe ofisini kwa chifu na kwenye ubao wa wadi kabla mpango haujapitishwa, na lisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa pili, mbele ya walewale waliokuja kwenye wa kwanza.