Kabla ya operesheni ya pili ya kupunguza uzito, tufungue faili la ya kwanza

Mtu aliyepunguzwa tumbo miaka minne au mitano iliyopita akija kuniona hapa Moshi, mara nyingi huwa ameshaamua. Ameongea na mwenzake aliyekwenda India, ameulizia bei Nairobi na Dar es Salaam, na akikaa tu anasema, "Dokta, slivu imeshindwa, nataka baipasi." Slivu ndiyo hiyo operesheni ya kupunguza tumbo; baipasi ni nyingine, nitaieleza hapa chini. Mimi si dokta wa kukata, ni mtaalamu wa lishe, ila ukivaa koti jeupe mji huu wewe ni dokta, basi. Kazi yangu huanza miezi mitatu hadi sita kabla ya kisu, na swali langu la kwanza huwaudhi wengi: kimeshindwa nini hasa?

Nauliza kwa sababu wanaosema hivyo hawaumwi kitu kimoja. Yupo ambaye uzito haukushuka vya kutosha tangu mwanzo. Yupo ambaye ulishuka vizuri, ukafika chini kabisa ndani ya mwaka au mwaka na nusu, kisha ukaanza kupanda taratibu. Na yupo ambaye mzani wake hauna neno, ila kiungulia kimemnyima usingizi: analala ameegemea mito, anaamka na uchungu kooni, omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, haishi mkobani.

Huyu wa mwisho ndiye ninayemuunga mkono haraka zaidi. Katika slivu, daktari huondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi na kubakiza bomba jembamba. Mlango wa chini wa tumbo unabaki palepale, kwa hiyo presha ndani ya lile bomba huwa kubwa na asidi hupata njia ya kupanda juu. Baipasi hutengeneza kifuko kidogo cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo. Sehemu kubwa ya tumbo inayotoa asidi inabaki pembeni, haipitiwi tena na chakula. Ndiyo maana kwa kiungulia kikali baada ya slivu, kuhamia baipasi ni tiba inayofahamika. Mtu huyo huyo akienda kufanyiwa slivu mara ya pili, "wakaze kidogo," anaongeza moto pale pale panapowaka.

Kwa uzito uliorudi, hesabu ni tofauti. Operesheni ya pili kwa kawaida hupunguza kilo chache kuliko ya kwanza, na hatari zake ni kubwa zaidi. Daktari anapita kwenye makovu, ini limeganda na tumbo, mishipa ya damu haiko kama ilivyokuwa. Kuvuja kwenye maungio na kutoka damu hutokea zaidi kuliko mara ya kwanza. Sisemi isifanyike. Nasema ifanyike kwa sababu iliyopatikana, siyo kwa hasira ya mzani.

Kuhusu bendi, yaani mkanda unaofungwa sehemu ya juu ya tumbo, nimeshawaona watu wachache, wengi waliwahi kuishi nje. Bendi inaweza kuteleza au kula ukuta wa tumbo, na mara nyingi huondolewa kwanza, kisha operesheni nyingine hufuata baada ya miezi kadhaa, nyama zikishatulia. Puto linalowekwa ndani ya tumbo, ambalo Watanzania wengi walilisikia kupitia hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, si operesheni; huingizwa na kutolewa kupitia mdomoni bila kuchanwa, na ukienda slivu baada ya puto hujabadilishiwa chochote. Hata hivyo mtajie daktari kwamba uliwahi kuwa nalo.

Sasa faili. Kila mtu huniletea cheti cha kuruhusiwa kutoka hospitali, karatasi moja yenye mhuri. Hicho hakitoshi. Ninachotaka ni ripoti ya operesheni yenyewe, ile aliyoandika daktari baada ya kutoka chumba cha upasuaji: bomba lilipimwa kwa mrija wa ukubwa gani, walianza kukata umbali gani kutoka mlango wa chini, kulikuwa na ngiri ya kifuani (sehemu ya tumbo kupanda kifuani), waliirekebisha au waliiacha, kulikuwa na tatizo lolote. Hospitali nyingi za nje zinaitoa ukiandika barua pepe, lakini inachukua wiki, na wakati mwingine aliyekufanyia ameshahama. Anza kuiomba leo, hata kama hujaamua. Iombe pamoja na picha za vipimo, na uzito wako wa siku ile. Wengi wanakumbuka uzito wao wa harusi kuliko ule walioingia nao chumba cha upasuaji, na bila huo hatuwezi kujua umepungua kiasi gani na umerudisha kiasi gani.

Baada ya karatasi ni kamera na picha. Endoskopi inaangalia ukuta wa ndani: umio umeungua kiasi gani, kuna kidonda, kuna ngiri. Picha ya kumeza dawa nyeupe inaonyesha umbo: bomba limetanuka juu na kuacha kibuyu, limebana katikati, limejipinda? Bomba lililobana katikati linamfanya mtu atapike nyama na mboga lakini apitishe vizuri juisi na aiskrimu, kwa hiyo ananenepa huku anatapika. Mgonjwa wa namna hiyo anaitwa mlafi na ndugu zake, wakati tatizo ni la bomba.

Kuna na kile kidudu cha vidonda vya tumbo, helikobakta pailori, ambacho ni cha kawaida sana kwetu. Kitafutwe na kitibiwe kabla, kwa sababu maungio mapya ya baipasi hayapendi vidonda. Hapa watu huteleza: kipimo cha damu cha kidudu hiki hubaki chanya muda mrefu hata baada ya kupona, na kile cha choo kinaweza kudanganya kama bado unameza omeprazo. Iache wiki mbili kabla ya kipimo, kwa kuelewana na daktari wako.

Tukishamaliza ya mashine, ndipo tunarudi kwenye sahani, na hapa ndipo ninapokaa sana.

Slivu ni mlinzi mzuri wa chakula kigumu na mlinzi mbovu wa chakula laini. Mtu anayekula kipande cha kuku na mchicha anashiba haraka. Mtu huyo huyo akipewa bakuli la mtori, linashuka lote, na baada ya nusu saa kuna nafasi tena. Kilimanjaro tumebarikiwa vyakula laini: mtori, kiburu, uji wa ulezi wenye maziwa na sukari, juisi ya parachichi nzito ambayo kijiko kinasimama. Hakuna kibaya humo. Mama aliyejifungua tunampa mtori na anapona. Lakini kwa mwenye slivu anayelalamika kwamba "nakula kidogo sana jamani," mara nyingi kidogo hicho kimepondwa, kimepikwa kwa mafuta au samli, na kimeshushiwa na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, vikombe vitano kwa siku. Mbege nayo, ndizi mbivu na kimea cha ulezi, watu hawaihesabu kama chakula. Ihesabiwe. Tena ukishapata baipasi, pombe yoyote hupanda kichwani haraka kuliko zamani, na hatari ya kuizoea huongezeka. Anayekunywa kila jioni tunazungumza hilo kabla ya kisu.

Basi namwomba mgonjwa aandike kila kinachopita mdomoni, hata alichoonja jikoni, pamoja na saa na alikuwa na nani. "Na nani" ndiyo hunipa mengi. Desemba, ukoo ukirudi nyumbani, kuna watu hawawezi kukataa sahani ya shangazi bila kuonekana wanajidai. Na kuna jaribio dogo ninalowapa wafanye nyumbani, si kipimo cha hospitali: kula nyama au kuku mkavu na mboga, taratibu, bila mchuzi na bila kinywaji, usinywe kitu nusu saa kabla na nusu saa baada. Ukishiba kwa vipande vichache, tumbo lako bado linafanya kazi, na shida iko kwenye kinachopita. Ukimaliza sahani ya kawaida na unataka nyingine, hapo picha ya umbo la tumbo inakuwa ya lazima zaidi.

Sahani ikishaeleweka, mkoba wa dawa ufunguliwe mezani. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Prednisoloni ya muda mrefu, insulini, amitriptilini, baadhi ya dawa za kifafa na za afya ya akili, zote zinaweza kusukuma mzani. Usiache dawa peke yako. Mwandikiaji aulizwe kama kuna mbadala. Tezi ya shingo ipimwe. Na siku hizi kuna sindano za kupunguza uzito za semaglutaidi ambazo kwa mtu ambaye umbo la tumbo halina hitilafu zinaweza kujaribiwa kabla ya kukata tena. Ukiwa unazitumia na bado unaelekea operesheni, mwambie daktari wa usingizi mapema, kwa kuwa hufanya chakula kikae tumboni muda mrefu hata kama unadhani umefunga vya kutosha.

Damu ndiyo hunisumbua kuliko uzito. Mtu ana kilo 110 na bado ana njaa ya virutubisho. Tupime wekundu wa damu na akiba ya chuma, B12, foleti, vitamini D, kalisi, albumini (protini ya damu), na wastani wa sukari wa miezi mitatu. Mwenye slivu anayemeza omeprazo na metformini ya kisukari ana sababu tatu za kuishiwa B12. Vitamini D watu wananibishia, "Na jua lote hili?" Ndiyo, na jua lote hili, mwili mkubwa huificha kwenye mafuta, na wengi wetu tunashinda ndani. Chuma kikiwa chini, kisahihishwe kabla, kwa vidonge au kwa mshipa, kwa sababu baipasi inaruka sehemu ya kwanza ya utumbo ambayo ndiyo hufyonza chuma kwa wingi. Chai ya rangi isogezwe mbali na chakula na vidonge, na kalisi isimezwe kwa wakati mmoja na chuma. Protini nataka ifike gramu 60 hadi 80 kwa siku kabla hata ya kwenda: yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa 8, gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa kama 30. Dagaa wakavu ni rafiki wa bei nafuu. Tukishindwa kufika hapo na tumbo la sasa, hatutafika na kifuko cha mililita 30.

Sigara iachwe wiki sita kabla, na isirudi, maana vidonda vya kwenye maungio ya baipasi huipenda. Vivyo hivyo diklofenaki na ibuprofeni. Hili nalirudia hadi nachosha, kwa kuwa huku kwetu diklofenaki inanunuliwa duka la dawa kama pipi, kwa mgongo, kwa goti, kwa kichwa. Baada ya baipasi, maumivu ni parasetamoli, na kikubwa zaidi ni cha kuongea na daktari. Akina dada wanaotaka mtoto: mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya operesheni, na njia ya uzazi iwe kijiti au kitanzi badala ya vidonge, ambavyo ufyonzwaji wake hauaminiki tena.

Wiki mbili za mwisho ni za ini. Upande wa kushoto wa ini hulala juu ya tumbo, na likiwa limejaa mafuta daktari haoni anakokwenda. Kwa operesheni ya pili, lilipokwisha ganda, ndiyo zaidi. Kalori 800 hadi 1,200 kwa siku, wanga kidogo: mtindi usio na sukari, mayai, samaki, supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta, mnafu, mchicha, maji. Ndizi, ugali, wali, chapati na uji vinapumzika. Kumwambia Mchaga apumzishe ndizi siku kumi na nne ni kazi, nakiri, na wapo wanaoniaga kama tunaachana moja kwa moja. Mwenye kisukari asianze mpango huu bila dawa zake kurekebishwa, sukari inaweza kushuka ghafla, na kuna vidonge vya kisukari vya kundi la gliflozini ambavyo huachwa siku tatu au nne kabla ya operesheni.

Kisha tunapanga kurudi. Ukifanyiwa Dar, usipande basi la kutwa siku ya pili. Kukaa muda mrefu baada ya operesheni huchochea damu kuganda miguuni. Kaa karibu na hospitali mpaka daktari akuruhusu, na ukisafiri simama utembee. Muhimu zaidi, ukianza kutapika saa nane usiku ukiwa Machame au Marangu, nani anakuendesha, na unapelekwa wapi? Yule atakayekupokea huenda hajawahi kumwona mwenye baipasi.

Kwa hiyo kila anayeondoka kwangu anabeba karatasi moja, nakala iko kwenye simu ya anayeishi naye. Imeandika aina ya operesheni zote mbili na tarehe, na namba ya daktari aliyekata. Chini yake kuna mistari minne kwa daktari atakayempokea. Mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika, fikiria kuvuja hata kama tumbo ni laini. Usiingize mrija wa puani bila kuongea na daktari wa upasuaji. Usimpe diklofenaki. Na kama ametapika siku nyingi, thiamini (vitamini B1) kwanza, ndipo dripu ya sukari, kwa sababu sukari ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa thiamini inaweza kumharibu ubongo. Huo mstari wa mwisho naupigia mstari kwa wino mwekundu, na namwomba mgonjwa anisomee kwa sauti kabla hajasimama.