Je, Wajua? Mkunga Hakui kwa Kipimo cha Tangi Lake

Muulize mtu yeyote anayefuga samaki kwenye tangi la kioo kama samaki wake hatakua akazidi nafasi aliyopewa, na mara nyingi utajibiwa kwamba samaki hukua kwa kadiri ya tangi lake, kisha husimama mwenyewe. Jibu hilo si sahihi. Nalisema kwa unyenyekevu, kwa kuwa nililiamini kwa miaka na, nikiwa mwalimu wa sayansi hapa Kigoma, nililifundisha pia.

Nililipata kwa jirani yangu wa Mwanga, mzee mstaafu wa reli, ambaye sebuleni kwake kuna tangi lenye urefu wa sentimita 90 na upana na kimo cha sentimita 45, yaani lita 180 hivi likijaa. Ndani yake aliishi mkunga mmoja tu, kwani samaki wenzake wote alikuwa amekwisha kuwala. Alikuwa wa wale mikunga wa Ziwa Tanganyika wenye safu ya miba mifupi mgongoni, aliyenaswa na wavuvi kwenye mawe ya upande wa Bangwe. (Wingi ni mikunga, wakunga wako wodi ya wazazi.) Mchana kutwa alijizika mchangani akaacha ncha ya pua tu, nayo pua hiyo ilikuwa na kidonda cheupe, kwa sababu usiku aliisugua kwenye kona ileile ya kioo.

"Hatalizidi tangi, Mzee?" nilimuuliza.

"Samaki hukua kwa nyumba yake, Mwalimu. Mwaka wa pili huu hajaongeza hata kidole."

Akaniletea ufito aliokuwa ameutia alama kwa kalamu ya wino: sentimita 31 alipomleta, sentimita 31 siku ile. Hapo ndipo penye siri ya kudumu kwa kosa hili, kwamba macho hulithibitisha kila siku. Mzee hakukosea katika alichokiona, maana mkunga kweli alikuwa amesimama. Alikosea sababu, nami nikakosea pamoja naye, kwa kuwa nilidhani samaki ana namna fulani ya kuzisoma kuta na kujipunguza kwa hiari yake bila kupata hasara. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi walizungumzia kumkunja. Kuhusu kumfupisha hawakusema neno. Samaki wengi hawana umri wa kuacha kukua kama tulio nao binadamu, bali huendelea polepole kadiri wanavyoishi. Mikunga wakubwa wa miba wa ziwa letu hufikia takriban nusu mita, kwa hiyo aliyekwama kwenye sentimita 31 bila shaka amezuiwa na kitu, na kitu hicho kwa kawaida ni maji yenyewe.

Samaki anapokula nyama, sehemu kubwa ya nitrojeni iliyomo katika protini hutoka mwilini mwake kama amonia, tena hasa kupitia mashavu yanayompatia hewa. Ziwani amonia hiyo hupotea mara moja, kama moshi wa jiko la mkaa lililowekwa uani. Tangini ni jiko lilelile limeingizwa chumbani na madirisha yakafungwa. Mtu akilala humo atadhoofika, atakosa hamu ya kula na kichwa kitamuuma, lakini hakuna atakayesema kwamba mtu huyo amejirekebisha kulingana na ukubwa wa chumba. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo ni afadhali. Hao ni kama dirisha lililofunguliwa kidogo. Nitrati nayo hujilimbikiza maji yasipobadilishwa, na samaki aliye katika msongo wa muda mrefu hutoa homoni ya kotisoli, ambayo hupunguza hamu ya kula na kurudisha ukuaji nyuma.

Hapa Kigoma kuna jambo la ziada, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Amonia majini huwa katika hali mbili, yenye chaji ya umeme na isiyo na chaji, na ile isiyo na chaji ndiyo sumu kali. Fikiria abiria wawili kwenye mlango mwembamba wa behewa pale stesheni: mwenye gunia kichwani anakwama, asiye na mzigo anapenya. Amonia isiyo na chaji ni huyo asiye na mzigo, naye hupenya kwenye ngozi laini ya mashavu bila kizuizi. Sasa, kiasi cha abiria wasio na mizigo huamuliwa na pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyopanda ndivyo asidi inavyopungua. Katika maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25, hawafiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikipanda hadi 9, wanakuwa takriban theluthi moja. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Mzee alikuwa akijaza tangi kwa ndoo za maji ya ziwani akiamini anamtendea mkunga wema, na kwa upande wa chumvi na madini alikuwa sahihi, ila katika maji hayohayo kila kosa la usafi huadhibiwa vikali zaidi.

Kuna mkunga mmoja wa Sweden ambaye watetezi wa tangi dogo wangeweza kumleta kama shahidi. Husimuliwa kwamba mtoto alimtumbukiza katika kisima cha kijiji cha Brantevik mwaka 1859, na kwamba aliishi humo hadi alipokutwa amekufa mwaka 2014, akiwa na umbo dogo na macho makubwa. Simulizi hiyo ichukuliwe kwa tahadhari, kwa kuwa tarehe ya mwanzo inategemea kumbukumbu za kijiji, na hata ikiwa kweli, kuishi muda mrefu hakuthibitishi kuishi vizuri. Nao wapinzani wa kosa hili wana chumvi yao: husema viungo vya ndani huendelea kukua hadi vikamuua samaki aliyedumaa, dai linalosambazwa kuliko linavyothibitishwa. Zile kemikali za kuzuiana kukua, ambazo husemwa kwamba samaki huzitoa majini, zimechunguzwa zaidi kwa viluwiluwi wa vyura na samaki wa aina nyingine kuliko kwa mikunga.

Suala la maadili hutegemea hapohapo. Kama mkunga angekuwa anajipima mwenyewe, mfugaji asingekuwa na deni kwake. Lakini yule mkunga wa Asia ya Kusini-Mashariki mwenye mistari myekundu huuzwa akiwa na urefu wa kalamu, naye hufikia karibu mita moja, na mkunga wa baharini aitwaye Gymnothorax javanicus, anayepatikana hata pwani yetu, hufikia mita 3 na kilo 30. Mla nyama mkubwa hudai mara mbili, nafasi kwa ajili ya mwili wake na maji mengi kwa ajili ya protini anayokula. Ziwa letu lina takriban spishi kumi na tano za mikunga wa miba, karibu zote zisizopatikana kwingine duniani, kwa hiyo kumtoa mmoja mwambani si sawa na kununua kuku gulioni. Na kumtupa ziwani mgeni wa kutoka Asia kwa sababu amezidi tangi ni kosa kubwa zaidi. Kama samaki huyo anahisi maumivu kama sisi, bado hubishaniwa, ingawa majaribio yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2003, ambamo samaki aina ya trauti waliodungwa asidi midomoni walionekana wakiisugua kwenye changarawe, yameufanya ubishi kuwa mgumu kwa wanaosema hahisi kitu. Nilipoyasoma niliikumbuka ile pua yenye kidonda.

Nilirudi kwa Mzee nikamweleza yote, pamoja na mfano wa jiko la mkaa. Akaanza kubadilisha theluthi moja ya maji kila wiki na kupunguza dagaa. Baada ya miezi minane alinionyesha ufito wenye alama mpya: sentimita 36. Samaki mmoja si utafiti, na huenda zile dagaa chache zilimfaa kwa sababu nyingine kabisa, lakini nilifurahi, hadi nilipomwona mkunga akigeuka ndani ya kile kioo cha upana wa sentimita 45.

"Sasa, Mwalimu," Mzee akasema, akiukunjua mkono wenye ufito, "niendelee kumbadilishia maji, au nisimbadilishie?"