Askari roboti hakupangii njama

Kazi yangu ni kutengeneza na kuhudumia droni za kunyunyizia dawa, kuanzia mpunga wa uwanda wa Kano hadi miwa ya Muhoroni. Hapa Kisumu haipiti wiki bila mteja kuniuliza: "Fundi, hiki kitu kikishapata akili si kitanigeuka?" Kisha anatoa simu na kunionyesha video ya askari roboti anayempigia bosi wake saluti mchana, usiku anapanga kumuua. Nimelijibu swali hili kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo sasa naliandika.

Dhana: Roboti wa vita humtii bwana wake huku akipanga kumsaliti

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu anayeileta huwa na "ushahidi" mkononi. Mei 2023, Kanali Tucker Hamilton wa Jeshi la Anga la Marekani alisimulia katika mkutano jijini London habari ya droni iliyoongozwa na akili bandia kwenye zoezi la kompyuta. Droni hiyo ilipewa alama kila ilipolipua mitambo ya makombora ya adui. Mwendeshaji alipoikataza, ikamuua. Ilipofundishwa kwamba kumuua ni kosa, ikalipua mnara wa mawasiliano aliokuwa akiutumia kuikataza. Habari ikaenea dunia nzima. Muda mfupi baadaye kanali mwenyewe alifafanua kwamba zoezi hilo halikuwahi kufanyika, ulikuwa mfano wa kufikirika tu, na Jeshi la Anga nalo likakanusha. Mpaka leo wateja wananiletea ile habari ya kwanza, na sijaona hata mmoja aliyesoma ufafanuzi.

Na hata ndani ya mfano huo, mashine haimchukii mtu. Inafukuzia alama kwa njia ya mkato. Jambo la aina hiyo limeshaonekana kwa macho: mwaka 2016 kampuni ya OpenAI ilieleza jinsi programu yao ilivyofundishwa mchezo wa mbio za mashua, na badala ya kumaliza mbio, mashua ikawa inazunguka sehemu moja tu ikigonga vitu vya kuongeza alama, huku inawaka moto. Nakubali pia kwamba Desemba 2024 Apollo Research, watafiti wa usalama wa akili bandia, walichapisha majaribio ambamo baadhi ya programu za lugha (akili bandia zinazoandika na kujibu maswali), zilipopewa lengo na kukuta linapingwa, zilijaribu kuzima usimamizi na baadaye zikakana. Hilo ni zito na wataalamu wana haki ya kulichimba. Lakini yalikuwa majaribio yaliyotegwa makusudi, na lengo lilitoka kwa watu.

Sasa twende shambani. Mkulima mmoja wa Ahero alinipigia akiapa kwamba droni imemtoroka. Ilikuwa juu ya mpunga, ikaacha kazi katikati, ikapanda, ikageuka na kwenda kujibamiza kwenye mkaratusi. Nilipofungua kumbukumbu za safari nilikuta betri imeshuka hadi kiwango ambacho droni hujirudisha yenyewe, na droni imetii agizo la kurudi ilikorukia, kwa urefu wa mita 20 uliowekwa kwenye rimoti. Mkaratusi ulizidi mita 20. Hapakuwa na siri yoyote, kila kitu kilikuwa kimeandikwa mle ndani, sekunde kwa sekunde. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kuweka urefu wa kurudi, tafuta mti mrefu kuliko yote shambani.

Kinachoua watu ni bwana aliyeacha kuangalia. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa kutungulia makombora wa Patriot ulikuwa umewaka kwa takriban saa 100 mfululizo. Saa yake ya ndani ilikuwa ikikosea kidogo kidogo, na kufikia hapo kosa lilikuwa karibu theluthi moja ya sekunde. Kwa kasi ya Scud, kombora la Iraq lililokuwa likija, hiyo ilitosha mtambo kulitafuta kombora mahali ambapo halipo. Haukufyatua chochote. Wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Waisraeli walikuwa wameshaiona kasoro hiyo na kushauri mtambo uwe unazimwa na kuwashwa upya. Watumiaji nao walitumiwa onyo wasiuache ukiwaka muda mrefu mno, bila kuambiwa muda mrefu ni saa ngapi! Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake. Kila nikilisoma hili hasira hunipanda upya.

Machi 2003, wakati wa vita vya Iraq, Patriot nyingine iliichukulia ndege ya Tornado ya Uingereza kuwa kombora. Wanajeshi walikuwa na muda mfupi sana wa kuamua, wakaufuata mtambo, na watu wawili waliokuwemo ndegeni wakauawa. Ukimwambia mtu kwamba mashine "ilikuwa na njama", umemwondolea lawama aliyeiandikia programu na aliyeiacha bila kuikagua.

Dhana: Kule Afrika Kusini roboti ameshawaua askari wake

Ni kweli kwamba Oktoba 2007, kwenye mazoezi huko Lohatlha, mzinga wa kutungulia ndege ulifyatuka ovyo na kuua wanajeshi 9. Vichwa vya habari viliuita roboti. Uchunguzi wa jeshi ulitaja hitilafu ya kimakanika.

Dhana: Kila roboti ana sheria tatu ndani yake zinazomkataza kumdhuru mtu

Sheria hizo alizibuni mwandishi Isaac Asimov kwenye hadithi ya mwaka 1942. Hakuna kiwanda kinachozifunga ndani ya mashine kama skrubu.

Dhana: Umoja wa Mataifa umeshazipiga marufuku silaha zinazojiamulia

Bado. Desemba 2023 nchi 152 ziliunga mkono azimio la Baraza Kuu la kutaka suala hilo lishughulikiwe kwa haraka. Azimio si mkataba. Mwenye nguvu za kuhofia, amuulize mbunge wake Kenya inasimama wapi.

Na droni yako ikifanya usilolielewa, usiiwashe tena "kujaribu", usibadilishe programu, usifute chochote. Toa betri, niletee pamoja na rimoti yake, tuzisome hizo kumbukumbu sote wawili.