Je, wajua namba ya tatu kwenye mashine ya presha inasema nini?

Siku ile pale Mikindani wahudumu wa afya walikuwa wameweka meza chini ya mwembe, wanapima watu presha bure. Mjomba wangu, mvuvi wa pweza aliyeanza kupiga mbizi kabla hajaota ndevu, akanyoosha mkono. Mkanda ukajaa upepo, ukabana, ukalegea. Mashine ikaleta namba tatu: 126, chini yake 78, na chini kabisa 51. Foleni nzima ikaanza kunong'ona. Kijana mmoja nyuma yangu akasema waziwazi kwamba moyo wa mzee umechoka, maana yeye amesoma kwenye simu kuwa kawaida ni 60 hadi 100. Mjomba akarudi kwenye benchi, kimya.

Akafuata shangazi, ambaye kazi yake ni kubangua korosho. Namba yake ya tatu ilikuwa 96. Hakuna aliyesema neno. Imo ndani ya 60 na 100, basi imekwisha, aje mwingine.

Foleni ile ilikosea mara mbili. Mjomba alikuwa mzima. Aliyehitaji kuangaliwa ni shangazi.

Tuanze na mashine yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapochanganya. Namba mbili za juu ndizo presha: nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa, kwanza moyo unapojikaza, kisha unapolegea. Namba ya tatu si presha. Ni idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika moja. Mtu anaweza kuwa na mapigo 70, mazuri kabisa, huku presha yake ni 180 kwa 110 na hasikii chochote. Kwa hiyo usije ukashika mkono wako, ukahesabu mapigo ukaona yametulia, ukasema huna presha. Vidole havipimi presha, mashine ndiyo hupima.

Sasa, hiyo 60 hadi 100. Ni mipaka ambayo madaktari wanaitumia kwa mtu mzima aliyetulia, na ni mipana kweli. Ndani yake kuna watu wenye afya njema na watu wenye ugonjwa. Nje yake, hasa upande wa chini, wapo pia wazima wa afya. Mkimbiaji wa mbio ndefu au muogeleaji aliyezoea anaweza kuwa na mapigo 40 na kitu akiwa amekaa tu. Mtoto mchanga, kwa upande mwingine, hupiga kati ya 100 na 160 hivi, na hakuna ubaya wowote. Mipaka ya mtu mzima haimhusu.

Kwa nini mmoja apige 51 na mwingine 75, na wote wawe sawa? Aliyewahi kupanda chombo cha baharini ataelewa upesi. Chombo kikivuja, kuna mtu wa kufua maji kwa upo, ile kata ya kuchotea, ingawa siku hizi wengi hutumia kidumu kilichokatwa. Mwenye upo mkubwa huchota mara chache, mwenye upo mdogo huchota mara nyingi, na maji yanayotoka ni yaleyale. Moyo nao ndivyo. Mwili wa mtu mzima aliyetulia unahitaji kama lita 5 za damu zizungushwe kila dakika, yaani kidumu kizima cha mafuta ya kula. Pigo moja la kawaida husukuma kama mililita 70, karibu ujazo wa kile kikombe kidogo cha kahawa chungu. Piga 70 mara 72, umefika lita 5.

Mjomba amepiga kasia na kuogelea miaka mingi. Kazi ya namna hiyo hutanua chumba cha moyo kinachosukuma damu na kukiimarisha, kikawa kinajaa zaidi na kutoa zaidi kwa kila pigo. Kwa mapigo 51, karibu mililita 98 kila pigo zinatosha kutimiza lita zilezile 5. Upo wake ni mkubwa, ndiyo maana hana haraka.

(Ukitaka kuona jambo hili likifika mwisho wake, mtazame nyangumi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi walivyombandika nyangumi wa buluu kifaa cha kupima moyo katika Ghuba ya Monterey, California. Alipozama kutafuta chakula, mapigo yake yalishuka hadi mawili kwa dakika. Mawili! Binadamu pia anayo chembe ya uwezo huo: ukizuia pumzi na uso ukaingia kwenye maji ya baridi, moyo hupunguza mwendo. Kila mzamiaji wa pwani yetu hupitia hali hiyo, hata kama hajawahi kuhesabu.)

Lakini upo mkubwa ni nusu tu ya jibu. Yupo pia anayetoa mdundo. Mwaka 1907 Arthur Keith na Martin Flack, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, waliandika kuhusu kifundo kidogo cha nyama walichokiona kwenye moyo wa fuko, mnyama yule wa ardhini, kikiwa sehemu ya juu ya chumba cha moyo cha upande wa kulia. Kifundo hicho tunacho sote. Chenyewe kinazalisha umeme mdogo, bila kuagizwa na ubongo, na kila cheche ni pigo moja. Kama kwenye ngoma, huyu ndiye mpigaji ambaye wengine wote wanamfuata.

Ajabu yake ni hii: kifundo hicho kikiachwa peke yake hakipigi 70, kinapiga karibu 100. Tunajua hivyo kwa sababu mtu akipandikizwa moyo wa mwingine, mishipa ya fahamu huwa imekatwa, na moyo ule mpya hupiga kati ya 90 na 110 hata mwenyewe akiwa amelala. Maana yake, wewe unayesoma hapa ukiwa na mapigo 70, kuna breki imekanyagwa muda wote. Breki hiyo ni neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni. Mwaka 1921 Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, akaisisimua vagasi ya mmoja mpaka ukapunguza mwendo, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule akamwagia wa pili. Wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa haukuguswa. Hapo ikajulikana kwamba neva inaongea na moyo kwa kemikali. Loewi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936, pamoja na Henry Dale.

Mtu mwenye mazoezi breki yake hukamata vizuri anapopumzika, na hilo pia humsaidia mjomba.

Turudi kwa shangazi, maana yeye ndiye anayeniuma. Ile 96 peke yake isingetosha kumtisha mtu. Nilichokifanya, na nilichelewa kukifanya, ni kumuuliza kama ana karatasi yoyote ya zamani. Akatoa daftari lake la hospitali kutoka kwenye mfuko wa kanga. Mwaka uliotangulia alipimwa mara mbili: 74 na 76. Yaani moyo wake ulikuwa umeongeza mapigo 20 kila dakika, mchana na usiku, na bado ulikuwa "ndani ya kawaida". Piga hesabu: mapigo 20 kwa dakika ni 28,800 kwa siku.

Nikamuuliza tena taratibu, kwa haya zake zote. Akakiri kwamba hedhi imekuwa nzito kwa muda mrefu, na kwamba akipanda kilima kidogo tu kutoka sokoni anasimama kuvuta pumzi. Alikuwa akisingizia umri na moshi wa korosho. Hospitali walipima wingi wa damu wakakuta 7.9, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Damu yake ilikuwa inabeba hewa safi kidogo sana, kwa hiyo moyo ulilazimika kuzungusha vikombe vingi zaidi kufidia. Vikombe vimejaa, ila uji ni mwepesi.

Vitu vinavyopandisha namba hii ni vingi, na vingine ni vya kupita. Homa ni mmoja: kila nyuzi moja ya joto la mwili huongeza karibu mapigo 10, kwa hiyo mwenye malaria anaweza kuvuka 100 bila moyo wenyewe kuwa na kasoro. Ujauzito huongeza 10 hadi 20, kwa kuwa mama anapeleka damu kwa wawili. Jua la Desemba huku kwetu, ukiwa hujanywa maji, hupunguza ujazo wa damu, upo ukawa unatoka nusu, basi moyo unaongeza kasi. Kahawa, sigara, wasiwasi, dawa ya pumu ya kuvuta, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Upande wa kushusha zipo dawa za presha kama atenolol na propranolol. Anayezitumia asishangae kuona 55, na asiziache mwenyewe kwa sababu ya namba hiyo. Amuulize aliyemwandikia.

Kuhesabu nyumbani ni rahisi, ila watu huharibu kwa haraka. Wakati mzuri ni alfajiri, kabla hujatoka kitandani. Ukikosa, kaa dakika 5 bila kuongea, usiwe umetoka kunywa kahawa, kuvuta sigara au kubeba ndoo ndani ya nusu saa. Geuza kiganja juu, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, ndani kidogo ya mfupa. Usitumie dole gumba kupimia, lenyewe lina mapigo yake na litakuchanganya. Hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Ukihisi mapigo yanaruka au hayana mpangilio, hesabu dakika nzima. Rudia siku kadhaa, uandike. Hiyo namba inayojirudia ndiyo yako, na ndiyo utakayolinganishia siku mwili ukibadilika.

Nenda kituo cha afya kama umetulia, huna homa, na bado mapigo yako yanazidi 100 siku baada ya siku. Nenda kama yako chini ya 60 na unapata kizunguzungu, unaishiwa nguvu au umewahi kuanguka. Mapigo yasiyo na mpangilio nayo yaangaliwe, hata namba ikiwa nzuri. Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au kuzimia, hapo usihesabu chochote, tafuta bajaji uondoke. Na kama namba yako imepanda taratibu kutoka 70 hadi 90 ndani ya miezi, usikubali kuambiwa tu kwamba iko ndani ya kawaida. Beba daftari, uonyeshe namba za zamani.

Mjomba alipimwa moyo kwa mashine ya umeme, hakukutwa na kitu, akarudi majini wiki hiyohiyo. Shangazi alikutwa na uvimbe kwenye kizazi. Akatibiwa, akapewa na vidonge vya kuongeza damu vya miezi mitatu. Siku hizi anajihesabu mwenyewe kila Jumapili alfajiri na kuandika pembeni mwa daftari la mauzo yake ya korosho. Jumapili iliyopita nilipompigia simu kumpa shikamoo, alinijibu marahaba, kisha kabla sijauliza hali akanisomea: 77.