Kaliperi kung'ang'ania: kwa nini breki ya pikipiki ya zamani haiachii

Kaliperi ni kile kipande cha alumini au chuma kinachoikumbatia diski ya breki. Ukibana mkono wa breki, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni iliyo ndani yake, pistoni inasukuma padi, na padi inaibana diski. Kaliperi imeng'ang'ania pale unapouachia mkono wa breki lakini padi hazitoki kwenye diski. Pikipiki inakuwa nzito kusukuma, inakunywa petroli, padi zinaisha kabla ya wakati, na diski inapata moto kiasi kwamba tone la maji likiangukia juu yake linachemka papo hapo. Usiijaribu kwa kidole.

Watu wengi wanaamini kuna springi inayoirudisha pistoni. Kwenye kaliperi ya kawaida ya pikipiki hakuna. Kazi hiyo inafanywa na sili, pete ya mpira iliyokatwa kona nne, inayokaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya tundu la pistoni. Pistoni inapotoka inaivuta sili ijipinde kidogo, na presha ikiondoka mpira unajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma. Umbali wenyewe haufiki milimita moja, lakini diski haihitaji zaidi ya hapo ili izunguke huru.

Sasa tazama miaka inavyoharibu kazi ya pete hiyo. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 (madaraja yanayoandikwa kwenye chupa) hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya hustahimili angalau 230°C kabla ya kuchemka, ila ikishalowa maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155°C. Unyevu huohuo unaila alumini nyuma ya sili, na ukiitoa sili ya kaliperi ambayo haijafunguliwa miaka mingi utaukuta mfereji umejaa unga mweupe ulioganda kama chokaa ya ukutani. Unga huo unaisukuma sili iikabe pistoni, na haubakizi nafasi ya mpira kujipinda. Kwa wanaokaa Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi ya bahari inamalizia kazi kutokea nje: mpira wa kuzuia vumbi ukipasuka, pistoni inashika kutu na kutoboka vishimo.

Ndiyo maana napinga vikali ule ufundi wa kuirudisha pistoni ndani kwa bisibisi, kupiga padi msasa na kumkabidhi mtu pikipiki yake. Breki itaachia kwa muda mfupi tu, kwa sababu mfereji bado umejaa. Isitoshe, ile sehemu ya pistoni yenye kutu na vumbi imesukumwa kupita kwenye sili, ikaikwaruza.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kosa ni la kaliperi. Inua gurudumu la mbele, bana breki, achia, kisha lizungushe kwa mkono. Likigoma, legeza kidogo nati ya kutolea upepo, ile ndogo iliyo kwenye kaliperi. Likiwa huru hapo hapo, presha imenaswa juu: paipu ya breki imevimba na kuziba kwa ndani, au kitundu cha kurudishia mafuta kwenye masta silinda, pampu iliyo kwenye mkono wa breki, kimeziba. Likiendelea kugoma, tatizo ni pistoni, au pini ambazo kaliperi huteleza juu yake. Anza na pini. Mara nyingi zimekauka grisi tu, na kuzisafisha na kuzipaka grisi ya silikoni inayostahimili joto hakugharimu kitu.

Kama ni pistoni, ondoa kaliperi kwenye diski bila kufungua paipu, toa padi, weka kipande cha mbao mbele ya pistoni, kisha bana mkono wa breki polepole hadi itoke, ukiongeza mafuta ya breki yakipungua. Hewa ya kompresa inaweza kuirusha kwa nguvu ya kuvunja vidole, na koleo inaikwaruza. Mfereji ukwangue kwa kijiti au waya laini wa shaba mpaka alumini tupu ionekane, kona zote. Pistoni yenye vishimo pale sili inapopita inunuliwe mpya. Sili ziwe mpya vilevile, zilowekwe kwenye mafuta safi ya breki. Petroli na grisi ya kawaida huzivimbisha.

Ukishafunga, jaza mafuta mapya na utoe upepo. Kisha bana mkono wa breki mara kadhaa pikipiki ikiwa imesimama, mpaka uwe mgumu. Kabla ya hapo pistoni iko ndani kabisa, mbali na padi, na ukiondoka bila kufanya hivyo, mara ya kwanza utakapobana breki haitashika.