Gari linawaka ukipiga stata, linazima ukiachia: usikimbilie kulaumu koili

Asubuhi ya Julai pale Uyole, Mbeya, baridi inauma vidole. Pikapu ya zamani inapigwa stata, injini inashika. Ufunguo ukiachiwa tu, kimya. Hapo hakosi mtu wa kusema, "Koili imekufa, nunua nyingine." Jamani, koili ndiyo inayokuza umeme wa kutoa cheche kwenye plagi; iliyokufa ingewashaje?

Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yana njia mbili za kupeleka umeme kwenye koili. Stata inapozunguka huinyonya betri, volti 12 zikashuka hadi 10 hivi, kwa hiyo koili hupewa umeme moja kwa moja. Ufunguo ukirudi, umeme hupitia rezista, mara nyingi kijipande cha kauri nyeupe karibu na koili, kinachoupunguza. Kikikatika, njia ya pili haipo.

Washa swichi bila kupiga stata, shika taa ya testa, ile yenye ncha ya kugusia na waya wa kubana kwenye bodi. Taa ikiwaka ukigusa upande mmoja wa kauri na ikawa giza upande wa pili, umempata mchawi. Giza pande zote? Fuata waya hadi kwenye swichi.

Fundi akitaka kuruka rezista kwa kipande cha waya, mkatalie. Gari litawaka, ndiyo, ila koili itachemka na platini, zile swichi ndogo zinazokata na kuunga umeme wa koili, zitaungua.